Fundi wa Kinanda cha Baba

"Keki hii kaioka kwa mikono yake mwenyewe," Shangazi alikuwa akimwambia mgeni, na Kitinda akainamisha macho kwenye sinia. Keki ilikuwa ya dukani. Boksi lake lilikuwa chini ya sinki, limekunjwakunjwa, na aliyelificha ni Shangazi huyo huyo.

Mgeni alitabasamu, akamega kipande kingine. Alikuwa mama mtu mzima, nadhifu, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake tangu mwanawe wa kwanza alipoanza kuvaa joho mahakamani. Alikuwa Mama Wakili. Mchana ule alikuja kwa jambo ambalo hakuna aliyelitaja, ingawa kila mmoja pale sebuleni alilijua: kumtazama msichana kwa ajili ya mwanawe.

"Na dawa anazijua zote kwa majina," Shangazi aliendelea. "Kijana wako akishikwa na homa, duka la dawa analo ndani."

"Shangazi," Kitinda alisema kwa sauti ndogo.

"Kwani nasema uongo?"

Karibu na dirisha, Baba alikohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Yeye alimpenda mgeni kwa sababu nyingine kabisa. Mama Wakili alisema kuwa katika usichana wake alikesha akicheza muziki wa bendi ya Baba, na tangu aliposikia hayo mzee aliapa kumpigia nyimbo zile za zamani. Shida ilikuwa kinanda. Kilikuwa sinthesaiza ya zamani, kinanda cha umeme cha ule ukoo wa vitufe na swichi nyingi usoni, kizito kama jeneza, na kiliugua miaka kadhaa chini ya kitambaa. Mpiga ngoma wake wa zamani alimwahidi fundi. Fundi alikuwa aje jana, hakutokea.

Mlango ukabishwa.

"Kitinda, fungua," Shangazi alisema. Alimwita hivyo kwa kuwa ndiye kitindamimba, wa mwisho kuzaliwa, na jina hilo lilimganda hata baada ya kuhitimu ufamasia. Mama yake alipofariki, Kitinda angali mtoto, Shangazi, dada wa Baba, alihamia pale na masanduku yake akamlea. Kwa hiyo Shangazi akisema fungua, unafungua.

Aliyesimama nje alikuwa Risasi.

"Kumbe," alisema, na uso wake ukachanua. "Kumbe hapa ndipo..."

"Nani huyo?" Shangazi aliuliza kutoka ndani.

Kitinda aliiona sebule yote mgongoni mwake bila kugeuka: vikombe vya wageni, Mama Wakili amekaa wima, Shangazi kanyoosha shingo. Kisha akaona alichokuwa nacho mbele yake. Viatu vyenye vumbi. Kisanduku cha vifaa kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Vidole vyenye madoa ya kuungua, ambavyo juzi tu alivishika akaviweka shavuni mwake.

"Ni fundi," alijibu kwa sauti ya kusikika ndani. Halafu akamwambia Risasi, "Zunguka nyuma, fundi. Viatu vina vumbi."

Risasi hakusogea. Alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja kurudiwa.

Shangazi alikuwa ameshafika, anachungulia juu ya bega lake. "Mbona mnatazamana? Mnajuana?"

"Simjui," Kitinda alisema.

Neno lilitoka jepesi, bila kukwama popote. Na lilipotoka, aliona uso uliokuwa mbele yake ukifungwa polepole, bila hasira, kama duka linavyofungwa mchana mwenyewe akipata habari za msiba.

"Samahani, dada," Risasi alisema. "Nitazunguka."

Dada. Hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ile ya kwanza alipoingia duka la dawa akiwa ameungua mkono, akimwomba mfamasia ampe chochote cha kutuliza moto. "Umeunguzwa na nini?" alimwuliza. "Risasi," akajibu, na Kitinda akaruka nyuma, mpaka alipoelezwa kuwa ni ile risasi wanayoyeyusha mafundi kuunganisha nyaya, na kwamba soko zima linamwita hivyo. Walicheka siku ile. Wakaendelea kucheka pamoja kwa miezi mingi, mpaka kicheko kikageuka kitu ambacho hawakuweza kukiita kwa jina jingine ila mapenzi. Kila mara Risasi aliuliza, "Lini utanipeleka kwenu?" na kila mara Kitinda alijibu, "Subiri kidogo. Baba ana mambo mengi." Hakumwambia hata mtaa.

Sasa alikuwa ameupata mtaa mwenyewe.

Alipoingia tena, kwa mlango wa jikoni, alikuwa peku. Aliamkia kila mtu kwa heshima, akapiga magoti mbele ya kinanda, akaweka sikio karibu kabla hajagusa chochote.

"Kinaumwa nini, mzee?"

"Kinanguruma kama paka mwenye homa," Baba alisema. "Nikibonyeza noti, inapanda yenyewe, kama mwimbaji mlevi. Na nyingine hazilii kabisa."

"Kilianza kunguruma kwanza, au zilianza kukatika noti?"

Baba akanyanyua nyusi. "Ulivyouliza hivyo nimefurahi. Aliyekuja kabla yako aliuliza tu kama nakiuza. Ngurumo ilitangulia."

"Basi tuanze na umeme. Noti zinaweza kuwa zinasingiziwa tu."

Shangazi alitandaza magazeti chini, mengi kuliko yaliyohitajika. "Fundi, usiniunguzie zulia."

"Sitaunguza, mama."

Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, akainua uso wa kinanda kama anayefunua boneti ya gari. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka na nyaya za rangi zote. Alilipuliza vumbi, akachungulia, kisha akatazama pande zote akitafuta kitu.

"Nahitaji mtu wa kunishikia tochi," alisema. Hakumtazama yeyote.

"Kitinda, msaidie fundi," Baba alisema.

"Kitinda ana mgeni," Shangazi alisema.

"Mgeni yupo hapa hapa, hakimbii. Mwanangu, shika tochi."

Kitinda akapiga magoti kwenye magazeti. Walikuwa karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya sabuni ya shati lake. Lilikuwa shati jipya, limepigwa pasi. Mtu hapigi pasi shati la kwenda kufungulia skrubu, isipokuwa anaheshimu nyumba anayokwenda. Alipowaza hivyo, alihisi masikio yake yakipata moto.

"Mwanga usogee kushoto, dada."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako."

Risasi aliwasha kinanda, akachomeka ncha za mita ya kupimia umeme mahali fulani, akaonyesha namba kwa kidole bila kusema. Zilikuwa zinacheza, hazitulii. "Mzee, njoo uone. Hapa umeme unatakiwa usimame kama askari. Huu unayumba." Alikizima, akachomoa waya ukutani, akangoja kidogo, ndipo akagonga kwa ncha ya bisibisi vikopo viwili vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Vichwa vyake vilikuwa vimefura. "Hizi kapasita ndizo zinazotuliza umeme. Zimezeeka. Noti zako hazikuwa na kosa, mzee. Zilikuwa zinalishwa vibaya."

"Unazo nyingine?"

"Ninazo. Ndiyo maana sikuja jana, nilikuwa nazitafuta. Nilisikia mwenye kinanda anamtarajia mgeni mkubwa, nikaona nisije mikono mitupu."

"Mgeni mkubwa ni mimi," Mama Wakili alisema kutoka kwenye kochi, akafurahi. Aliweka kikombe chini akasogea mbele ili aone vizuri. "Na wewe fundi, una mke?"

Pasi ya kulehemu ilikuwa imeshapata moto. Risasi aliigusisha, risasi ikayeyuka, kapasita ya zamani ikang'oka kama jino bovu.

"Sina, mama. Nina mtu wangu."

"Unamwoa lini?"

"Ananiambia nisubiri."

"Unasubiri nini?"

Alichagua kapasita mpya, akaipeleka karibu na macho kuhakikisha upande wake, akaikalisha. "Nilikuwa sijui, mama. Nilidhani baba yake anaumwa. Nilidhani kuna deni, kuna msiba. Nimewaza mengi." Akalehemu mguu wa kwanza. "Leo ndio nimeanza kuelewa."

Mwanga wa tochi ukatikisika juu ya bodi.

"Dada," Risasi alisema taratibu, "ukichoka, niambie niiegemeze kwenye kitabu."

"Sijachoka."

"Usimkatie tamaa mwanamke anayesema subiri," Mama Wakili alimshauri. "Wengine wana sababu zao."

"Hana sababu huyo," Shangazi akadakia. "Mwanamke akikwambia subiri, anamwangalia mwingine. Fundi, mwanangu, tafuta wa kiwango chako, utulie."

Baba alikuwa amegeuza kichwa, hamtazami fundi tena. Alikuwa anautazama mkono wa binti yake.

Kinanda kilipowashwa tena, ngurumo ilikuwa imekwisha. Baba alipiga paja lake kwa kiganja. Lakini noti kadhaa bado zilikuwa bubu, na Risasi alichomoa safu ya vibao vyeupe na vyeusi akaonyesha vyuma vyembamba vilivyokuwa chini yake, vimeota weusi.

"Hivi vinatakiwa viguse ndipo sauti itoke. Kuna spiriti hapa nyumbani? Ile kali."

"Huyu anayo chumbani, mfamasia huyu," Shangazi alisema. "Kalete."

Kitinda alikwenda chumbani akafunga mlango. Chupa ilikuwa pale pale mezani. Hakuichukua upesi. Alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti, akajaribu kujitetea. Alimwogopa Shangazi, alijiambia. Lakini haikuwa kweli, na alijua. Shangazi angepiga kelele siku mbili, ya tatu angeanza kuuliza mahari. Na Baba hakuwahi kumnyima kitu chochote chenye akili. Alichokiogopa kilikuwa ni ile sekunde moja ya kuonekana na mtu mwenye viatu vya vumbi mbele ya mama wa wakili. Alimwonea haya Risasi. Mtu aliyetafuta kapasita soko zima asije mikono mitupu, yeye alimwonea haya, na sasa haya ile ilikuwa imegeuka nyuma inamtafuna mwenyewe. Angeweza kusema kichwa kinamuuma, akalala mpaka waondoke wote. Alilifikiria hilo pia. Hilo nalo likamwaibisha.

Akachukua chupa na pamba, akatoka.

Walisafisha pamoja. Risasi alipaka, yeye alifuta. Waliporudisha vibao mahali pake, Risasi alisema, "Bonyeza kimoja kimoja, toka chini." Akabonyeza. Zote zikalia, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kimoja cha katikati ambacho kilikwaruza kisha kikanyamaza.

"Usiachie," Risasi alisema. Alichukua kijiti cha mbao, akawa anagusa bodi hapa na pale, polepole. Ghafla noti ikalia. Akaondoa kijiti, ikakatika. Akagusa tena, ikalia.

"Umeiona?" Baba aliuliza.

"Nimeiona. Kuna kiungo kimepasuka hapa, ufa mdogo kama unywele. Ukitazama juu juu utaapa ni kizima."

Akazima, akalehemu mahali pale, akawasha. Noti ikalia safi. Baba alikuwa ameshasimama, anataka kukaa kwenye kinanda, lakini Risasi akainua mkono.

"Bado, mzee. Vinanda vya aina hii vikiwa baridi vinadanganya. Nikikilinganisha sauti sasa hivi, baadaye kitakuwa kimepotea tena. Tukiache kimewaka kwanza, kipate joto lake. Ndipo nikilinganishe."

Basi wakasubiri. Hakukuwa na kazi ya kushika, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Risasi alikaa kwenye ukingo wa magazeti, miguu peku ameikunja chini yake, anafuta bisibisi ambayo haikuwa chafu. Shangazi alimmiminia mgeni chai.

"Kitinda, mpe na fundi chai yake. Kile kikombe cha plastiki, na mwambie akanywee kule nyuma, kuna upepo."

Risasi akaanza kuinuka.

"Kaa," Kitinda alisema.

Alikuwa hajui kama angelisema. Alichukua kikombe cha udongo chenye maua kutoka kwenye sinia, akakijaza, akatia sukari kidogo kama Risasi alivyopenda, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hicho ni cha wageni," Shangazi alisema.

"Najua, Shangazi."

"Na sukari umejuaje?"

Kitinda alibaki amesimama katikati, mikono haina pa kwenda. Alimtazama Baba, kwa kuwa uso wa Baba ulikuwa rahisi kuliko nyuso nyingine.

"Nimesema uongo pale mlangoni," alisema. "Huyu namjua. Huyu ndiye ninayempenda. Mtu anayemwambia asubiri ni mimi."

Shangazi alikaa, ingawa alikuwa tayari amekaa. Alijishusha tu zaidi ndani ya kiti.

"Na keki ni ya dukani," Kitinda akaongeza, kwa kuwa alishaanza.

"Hilo nililijua, mwanangu," Mama Wakili alisema. "Hata mimi nanunua pale pale."

"Kitinda," Shangazi alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. "Umeniaibisha mbele ya mgeni wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Kumwonea haya nani? Mimi?"

Hapo ndipo alipotaka kudanganya tena, hata ile sekunde. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Hapana. Nilimwonea haya yeye."

Risasi alikuwa ameshika kikombe, hajakinywa. Alikitazama ndani kama kina kitu kimezama. Kitinda alitamani asiwe amesikia, na alijua amesikia kila silabi.

Baba alijisogeza mbele kwenye kiti chake. "Mwanangu, ungesema huyu mtu ni mwizi, ningekuwa na la kusema. Ungesema ni mlevi, ana mke anayelia huko, ningesema. Fundi? Mimi nimelisha nyumba hii kwa kupiga kinanda kwenye kumbi za wanywaji. Babu yako mzaa mama aliniita mhuni mpaka anaingia kaburini. Lakini mama yako hakuniambia nizunguke nyuma."

Kitinda alianza kulia bila sauti.

"Mficha uchi hazai," Baba alisema, sasa kwa upole. Kisha akamgeukia Risasi. "Na wewe, kijana. Binti yangu anasema anakujua. Wewe unamjua?"

Kila mtu alimtazama. Kitinda aliona kwamba jibu lolote lilikuwa halali yake. Angeweza kusema neno lile lile moja, akalirudisha mezani kama lilivyokuja, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu.

Risasi aliweka kikombe chini. Akagusa ubavu wa kinanda kwa kiganja, kama mama anavyogusa paji la mtoto.

"Kimepata joto, mzee," alisema. "Niruhusu nimalize kazi kwanza."

Akaichukua bisibisi ndogo kabisa. "Bonyeza ya chini," alisema, na Kitinda akajifuta macho kwa mkono wa nguo akabonyeza. "Sasa ya juu yake, hiyo. Shika zote." Kinanda kilikuwa na vyanzo viwili vya sauti, na vilisikika vikipishana, vinatikisika, mtikisiko wa haraka uliozidi kupungua kadri Risasi alivyozungusha bisibisi. Ukawa wa taratibu. Ukawa wa taratibu zaidi. Baba alifumba macho, kidole juu.

"Hapo," Baba alisema.

"Hapo," Risasi alikubali.

Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa vibao, Risasi akisema bonyeza, Kitinda akibonyeza, na hawakusemezana neno jingine. Alipofunga skrubu ya mwisho ndipo Risasi alipomtazama mzee.

"Namjua, mzee," alisema. "Nisingemjua, yasingeniuma."

Akafunga kisanduku chake, akamshukuru Shangazi kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka.

Shangazi alianza kumwomba radhi Mama Wakili, lakini mgeni alimkatiza kwa kiganja. "Nilikuja kwa mambo mawili. Moja limeharibika. Tafadhali nisikose na la pili." Akamgeukia Baba. "Piga, kaka. Ulisema utapiga."

Baba akakaa kwenye kinanda. Bila kugeuka akamwambia binti yake, "Unangoja nini hapa?"

Kitinda alimkuta Risasi mwisho wa ukuta, amebeba kisanduku begani. Muziki ulikuwa umeanza nyuma yao, unatoka dirishani, mzito na wa zamani.

"Risasi. Nisamehe."

Hakusimama, lakini alipunguza mwendo. "Usililie barabarani. Watu watadhani nimekuibia."

"Naomba unisamehe."

"Nimesikia." Walitembea. Baadaye akasema, "Unajua nilipoona ni wewe uliyefungua, niliwaza nini? Niliwaza, Mungu ana mchezo mzuri. Nimetafuta nyumba hii mwaka mzima, leo nimeitiwa kinanda. Nikasema, leo nitamtengenezea baba yake kitu, atanipenda. Nilishapanga mpaka la kusema." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wewe ukaona viatu."

Kitinda angejieleza angeharibu. Alitembea tu pembeni yake, kandambili za ndani zinapiga lami, nywele zimefumuka. Risasi hakumwambia arudi. Wala hakumwambia aje.

Karakana yake ilikuwa kwenye safu ya vibanda vya mafundi, kati ya fundi viatu na duka la betri. Kitinda alikuwa amefika hapo mara nyingi, lakini daima aliingia upesi, akakaa nyuma ya kabati la spea, mahali ambapo wapita njia hawaoni. Risasi alidhani anapenda kivuli. Kitinda mwenyewe alimwambia hivyo.

Fundi viatu aliinua kichwa. "Risasi, umerudi mapema. Na huyu mgeni ni nani?"

Risasi aliinama kwenye kufuli. Alikuwa na ufunguo mkononi na hakuuingiza. Alisubiri.

Kitinda akataja jina lake, lile la cheti, si la utani. Akataja jina la baba yake. Akataja duka la dawa analofanyia kazi. "Mimi ni mchumba wake," alisema, na uso wake ukawaka. "Kama bado ananitaka."

"Mchumba," fundi viatu alisema, akajipangusa mkono kabla ya kumpa. "Miaka yote hii tunamwona kama mtawa. Karibu, shemeji."

Risasi akafungua mlango. Hakusema anamtaka, hakusema hamtaki. Akaingia, akawasha taa juu ya meza, akaivuta karibu redio ya mtu iliyokuwa imefunguliwa tumbo tangu asubuhi.

Kitinda alichukua kigoda kutoka nyuma ya kabati, akakileta mlangoni, akakiweka kwenye mwanga, akakaa. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini na barabara ilijaa. Walipita wanunuzi wake wa dawa, wakamtazama mara mbili. Alipita jirani yao, mwanamke wa kikundi cha Shangazi cha akina mama, mwenye mdomo usiolala na habari. Akapunguza mwendo. Akaziangalia zile kandambili, yale macho yaliyovimba, kile kibanda na aliyekuwemo.

Aibu ya Kitinda ilikuwa haijaisha. Ilikuja yote kwa mara moja, ya moto, toka shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele, na miguu yake ilitaka kumrudisha nyuma ya kabati. Aliiacha imuunguze. Akasimama.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka duka la betri. "Karibu. Hapa ndipo kwa mchumba wangu."

Mwanamke aliitikia huku ameshaanza kuondoka, habari inamwasha mguuni.

Kitinda akakaa tena. Nyuma yake alisikia kitu kizito kikiburuzwa sakafuni. Risasi alikuwa anaivuta meza yake ya kazi, na redio na pasi na taa juu yake, mpaka ikafika mlangoni, karibu na kigoda.

"Kule ndani giza," alisema, akaketi, akarudi kwenye kazi.